Nyumba Isiyo na Kizingiti

Wengine husimama kutoa ushuhuda. Mimi nitakaa hapa hapa chini, na bado nitasikika hadi Malaba. Mungu alininyima miguu, akanipa sauti na mikono. Darasa nililionja kidogo tu, lakini ulizeni Tororo yote ni nani anayeshona koti likakukaa kama ngozi yako. Ni mimi, kwa cherehani ya mkono.

Miguu ilipooza nikiwa mtoto. Wazazi walipofariki, kaka yangu alinilaza jikoni kwake, kule Buteba. Sisemi alinitesa. Alinipeleka sokoni Busia kwa baiskeli nikashone, akanirudisha, shemeji akanipa chakula. Lakini mlango wa lile jiko ulikuwa na kizingiti kirefu cha udongo, cha kuzuia maji ya mvua. Kwangu mimi ninayetambaa, ule ulikuwa mlima. Nikishawekwa ndani, nimewekwa. Wanaume walipozunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, mimi nililetewa yangu kwenye kibuyu. Ndugu zangu, pombe ile hunywewa pamoja. Ukiinywa peke yako gizani ni maji machungu. Nilisikia vicheko, nikajua ni nani anayecheka, wala sikujua kilichomchekesha.

Ushonaji uliponipa nguvu, ule mwaka baada ya bendera mpya ya uhuru kupandishwa, nikasema najenga nyumba yangu. Kaka akaegemeza baiskeli yake ukutani.

"Watu watasema nimekutupa."

"Waambie nimehama."

"Mtu wa kubebwa hahami, mdogo wangu. Anahamishwa."

Neno hilo lilinichoma kuliko ugonjwa wenyewe. Nikaita mafundi. Wakajenga vizuri, wakakandika, nikatambaa kwenda kuona. Wameweka kizingiti! Hawakuwa na ubaya. Mikono yao haikujua mlango mwingine. Nikawaambia wakibomoe. Wakacheka kwamba nitalala na vyura. Nikasema angalau vyura wataniamkia.

Kwetu nyumba mpya haijawa nyumba mpaka mwenyewe aweke chungu na majirani wanywe. Nikaweka. Nikapanga mirija. Jua likateremka, hakuja mtu. Hawakutaka kumwaibisha kaka. Maji ya moto ya kuongezea chunguni yakapoa. Nawaambia ukweli, nikaanza kukusanya mirija. Nikawaza kurudi jikoni.

Ndipo akaja mama mmoja mjane, mfinyanzi, yule aliyefinyanga chungu chenyewe. Akaingia bila kuinua mguu, akatazama chini pale mlangoni, kisha akaketi sakafuni kama mimi.

"Mwenye nyumba," akasema, "siku hizi mgeni hujichukulia mwenyewe? Nipe mrija."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikampa. Tukanywa wawili. Baadaye kaka akatokea, akasimama nje ya mlango kama mgeni yeyote, akingoja nimkaribishe. Nikamkaribisha.

Namshukuru mama yule. Namshukuru kaka, na baiskeli yake. Nanyi mlio na ndugu kama mimi nyumbani, kabla hamjambeba, tazameni mlango.

Sidanganyi kwamba upweke umekwisha. Jioni nyingi bado ni mimi na cherehani. Na mvua kubwa ikinyesha, maji huingia kwangu. Nayafagia mwenyewe.