Bibi Felisita Mboje na Madirisha ya Mtaa wa Kiangazi

Bibi Felisita Mboje, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ngulyati tarehe 3 Machi 1948, binti wa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alisoma mpaka darasa la nne. Hapo mzee aliona inatosha, na ng'ombe nao hawakupinga.

Mwaka 1967 alifunga ndoa na Marcelo Masalu, mnunuzi wa pamba, aliyemleta hapa Bariadi, Mtaa wa Kiangazi. Enzi hizo wenye pamba walijenga huko nyumba za kupumzikia. Walikuja na familia zao kila Juni, mvua zikikaribia wanafunga milango na kuondoka. Marcelo naye akajenga, nyumba moja kwa kila mtoto, ndani ya ua mmoja wa minyaa. Leo mtaa umebanwa na ofisi za mkoa na lodge, na nyumba nyingi zinakaliwa na popo, ambao angalau wanarudi kila siku.

Marcelo alifariki mwaka 2009, akazikwa kwao kijijini. Tangu hapo kazi ya Bibi ilikuwa kusubiri. Kila Juni alifungua madirisha ya nyumba zote nne, akaanika magodoro, akafua mashuka. Mwenyewe alilala jikoni.

"Mayu, mama, unamwandalia nani?" jirani yake Nyanjige alimuuliza.

"Wanangu. Safari hii watakuja."

Walituma salamu.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba, moyo ukachoka. Mwanawe mkubwa, Athanasi, alipiga simu kutoka Dar es Salaam, akimtaka aende Mwanza akatibiwe.

"Na madirisha nani atafungua?"

"Mama, madirisha hayaugui."

"Yakifungwa sana yanaoza, baba. Njoo uone."

Hakuja. Bibi alifariki jikoni tarehe 9 Agosti mwaka huu. Aliomba jambo moja tu, azikwe uani. "Kiwanja chenye kaburi hakipati mteja," alimwambia Nyanjige, akicheka mpaka akakohoa. "Watakuja, wapende wasipende."

Wamekuja wote. Wamelala kila mmoja kwenye nyumba yake, na Athanasi amesifu mashuka yanavyonukia jua. Jana kikao cha familia kilikaa barazani. Dalali naye alikaribishwa chai. Ikaamuliwa Bibi azikwe hapa tulipo, makaburi ya mjini.

Ameacha watoto wanne, Athanasi, Specioza, Kasmiri na Violeth. Wajukuu kumi na mmoja, wengi aliwaona kwenye simu. Na nyumba nne, madirisha wazi.

Alale kwa amani, mahali dalali asipofika.