Tulivyoutengeneza Ukurasa wa Jescah

Kama unataka kujua dunia ingepaswa kuendeshwa vipi, pita kwa Spana saa tisa mchana. Spana ni Shikanga, fundi wa baiskeli nyuma ya soko la Kakamega, na benchi lake lina miguu mitatu na tofali. Hapo hukaa mzee Lusweti, tunayemwita Mkaguzi kwa sababu aliendesha gari la wakaguzi wa shule miaka ishirini na miwili, na mimi, ambaye kazi yangu ni kunywa kahawa ya Osiako, anayepita na birika, na kukumbuka nani alisema nini. Desemba ile ya tisini na tisa alitujia Jescah, mwalimu wa kompyuta katika chuo kilicho juu ya duka la mbolea. Alikuwa ametunga programu ya kupanga ratiba za shule, mwalimu mmoja asijikute na madarasa mawili saa moja. Aliiweka kwenye intaneti, mahali fulani ng'ambo ambapo watunzi wa programu huweka kazi zao, anayetaka achukue bure, anayeona kosa arekebishe. Wiki sita zilikuwa zimepita na hakuna aliyeichukua.

— Wenye hapo mahali wametuandikia, akasema, akitandaza karatasi aliyochapisha. Wanataka kurekebisha kurasa zao. Kila mtu alete pendekezo moja, mwisho leo, na laini ya simu chuoni inafungwa saa kumi na moja. Huu ndio ukurasa wangu. Niambieni una shida gani, mimi nimeuangalia mpaka siuoni tena.

— Shida naiona kutoka hapa, akasema Mkaguzi. Hakuna salamu. Mtu ametoka Ulaya amefika kwako, unamwambia tarehe. Hata hujamuuliza mvua imenyesha kwao.

— Kompyuta haisalimiangi watu, mzee.

— Ndiyo maana hawakujangi.

Spana akaacha gurudumu lake.

— Salamu pekee haitoshi. Mgeni akifika unampatianga kiti. Hapa atakaa wapi? Maandishi yamejaa mpaka kwa kona. Toa haya yote, uache mahali wazi.

— Na afanye nini hapo wazi? akauliza Jescah.

— Apumzike.

— Nyinyi hamjui kupanga, akasema Mkaguzi. Ukurasa unapangwa kama ingokho, kuku wetu, kwa sahani. Kila kipande kina mwenyewe, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Sasa hapa juu, pa firigisi, wameandika nini?

Jescah akasoma.

— Jina la kampuni yao.

— Umeona. Wamekula firigisi kwako.

— Firigisi tunampatianga mgeni mkubwa, Spana akasema.

— Kwenu Navakholo, labda. Kwetu mgeni anakula paja na anashukuru.

Habari ya firigisi ilikula vikombe viwili. Jescah aliandika kila kitu, maskini, kalamu haikupumzika. Osiako akashauri waweke picha ya Jescah akiwa na nguo aliyovaa kwa harusi ya dadake. Spana akataka kengele: mgeni akiingia, ilie huko kwake na ilie hapa kwa benchi, ili sisi tumwite Jescah.

— Hapa hata simu hakuna, Spana.

— Sisemi leo. Nasema wakisharekebisha.

Mkaguzi akafunga kazi. Mgeni ajaze fomu, nakala tatu, zipelekwe mkoani, na mkoa ukikubali ndiyo aonyeshwe programu. Kitu cha maana, alisema, hakionekaningi siku ya kwanza. Mimi nilipendekeza wimbo wa kwaya. Sijutii.

Jescah alicheka mpaka akapangusa macho.

— Nacheka, lakini mimi nataka shule moja tu. Moja, nijue sikukesha bure.

Tulimwonea huruma. Hapo ndipo boda boda ilisimama na mama mmoja akashuka, diski imefungwa kwa kitambaa.

— Hamjambo. Namtafuta mwalimu Jescah. Chuoni wamenielekeza hapa.

— Ndiye mimi, madam. Karibu.

— Mimi ni Kageha, naibu wa mwalimu mkuu, shule moja ya kule Chekalini. Muhula uliopita nilipata walimu watatu kwa darasa moja, na kidato cha pili wako nje wanarushiana mpira, wanacheza kati. Mpwa wangu akaniambia kuna ratiba yako kwa intaneti. Asubuhi nimekaa kwa kompyuta yake saa nzima. Jina lako nimeona, maelezo nimesoma, hata tarehe naijua kwa kichwa. Sasa nikiitaka, nabonyeza wapi?

Mkaguzi alivaa miwani, akashusha kidole pole pole kutoka juu mpaka chini. Spana aliigeuza karatasi akaangalia nyuma. Osiako aliinama na birika lake lote. Hatukuona pa kubonyeza.

— Mimi huwa naiweka tu, Jescah akasema. Sijawahi kuichukua.

— Madam, swali lako ni gumu, akasema Mkaguzi.

Jescah akapiga mstari juu ya kila kitu, salamu, kengele, nakala tatu na kwaya yangu.

— Sema tena, madam. Vile vile ulivyosema.

— Nikiitaka, nabonyeza wapi?

Akaandika hivyo na hakuongeza neno. Kisha akamshika mkono.

— Twende kabla hawajafunga laini. Hii naituma, na nakala ya programu iko kwa droo yangu, tutaiweka kwa diski yako sasa hivi.

Waliondoka karibu wakikimbia, Jescah akicheka peke yake, na mimi nikajisikia furaha kama ndiye niliyeitunga. Walipokuwa wanavuka barabara tulimsikia madam akiuliza:

— Na shule za jirani zikiitaka, niwaambie wabonyeze wapi?

— Kwa sasa waambie waje kwa Spana.

Spana akachukua kitambaa chake cha grisi, akaanza kupangusa benchi.