Mwalimu Abraham Msengi, Aliyeisikiliza Kwaya Yake Akiwa Nje

Kabla sijasoma hata tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, nyie mnaonong'ona mabenchi ya kushoto nyamazeni, nawasikia, masikio yangu yana miaka themanini lakini hayajaziba, na mnachosema nakijua, mnasema mwalimu alitubu kitandani, kwamba alimfukuza Luciana kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba bibi huyu kapewa kipaza sauti aje apambe. Sipambi. Wa kupamba mngemtafuta mwingine, wako wengi, mimi nilikuwa ndani ya chumba cha mgonjwa mpaka mwisho na ninyi mlikuwa mmeshatoka, kwa hiyo anayebisha asubiri nifike huko, na akishasikia bado akabisha, basi ubishi wake ni ugonjwa, aende hospitali Kiomboi wakamtazame.

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu waombolezaji, mimi ni Yustina Msengi, dada wa marehemu, na familia imenituma nisome historia yake.

Marehemu Mwalimu Abraham Msengi alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Kinampanda, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa mzee Msengi na mama Rahel, na katika hao saba nimebaki mimi. Mama yetu alikuwa akisaga mtama kwenye jiwe huku amembeba mgongoni, na akisaga aliimba, wimbo mmoja tu wa Kinyiramba, kwa sauti nzito ya kukwaruza, tuseme ukweli haikuwa sauti nzuri, hata mbuzi walikuwa wakigeuka kutazama, lakini mtoto hakusinzia mpaka ausikie, na jambo hilo mlishike kwa sababu nitalirudia.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, na huko ndiko alikokutana na kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilicholetwa na wamisionari, na mwalimu aliyekuwa akikipiga akamfundisha kusoma nota, akamfundisha nyimbo za zamani za Ulaya za sauti nne, zilizotungwa na watu waliokufa miaka mia tatu iliyopita, na mdogo wangu akashikwa hasa, akawa anachunga mbuzi huku anaimba besi peke yake, ukimwuliza huo nao ni wimbo gani, anakujibu sauti nyingine tatu ziko kichwani. Mimi niliishia darasa la nne, baba alisema msichana akiweza kusoma barua inamtosha, basi huko aliko leo aone kwamba nasoma na kisichokuwa barua.

Mwaka 1964 hadi 1965 alisomea ualimu, Januari 1966 akaajiriwa shule ya msingi Sepuka, mwaka 1974 akahamishiwa Mwankoko, mwaka 1983 akarudi nyumbani Kinampanda, akafundisha hapa mpaka alipostaafu tarehe 9 Machi 2008, na kila alikopangiwa kazi aliunda kwaya kabla hajapata hata kitanda cha kulalia. Alikuwa mkali. Ngoma marufuku, makofi marufuku, kuyumba marufuku, mwimbaji akitikisa bega aliambiwa aende gulioni akauze vitunguu, ndiko mabega yanakohitajika, na wazee wa kwaya mliokaa hapo mbele mmejengwa na ukali huo, sitaki kuwanyima haki yenu. Alikuwa pia na desturi moja ambayo wote mnaijua, wimbo ukishakolea aliacha kuongoza, akatoka, akaufunga mlango huu wa kanisa, akasimama pale nje kwenye jiwe na kusikiliza, kwa maana alisema ndani kila mtu anajisikia mwenyewe, nje ndiko wimbo unakosikika.

Tarehe 11 Agosti 1973 alifunga ndoa na Kristina, mwanamke mvumilivu, ilibidi awe hivyo, kwa sababu usiku wa harusi bwana harusi alikwenda kumsahihisha mtu wa alto aliyekosea kanisani. Mungu akawajalia watoto watatu, Redempta, Deo na Rahel, na wajukuu wanane. Kristina alitangulia mwaka 2011, na hao watatu wako hapa, mnawaona.

Sasa nafika kwa Luciana. Ilikuwa Jumamosi moja ya Juni 2009, vijana wa besi wamekwenda machimboni, wengine wako mashamba ya vitunguu, wamebaki wazee watatu, mmoja hana meno, na mwalimu akatoka kama kawaida yake, akafunga mlango, akasikia besi imejaa kama mtungi. Akarudi ndani akauliza nani kaingia, wakamwambia hakuna mtu, wamekaa walewale watatu, akatoka tena, akasikia tena, akazunguka nyuma ya ukuta, na huko akamkuta Luciana, binti wa kijiji hiki hiki, amekaa juu ya gunia la alizeti, mtoto mgongoni, macho kayafumba, anaimba sauti ya nne, hiyo besi, yote bila karatasi. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameondolewa kwenye kwaya kwa sababu ya huyo mtoto, hakuwa na mume wa kuonyesha, na tangu aondolewe alikuwa akija kila mazoezi kukaa nyuma ya ukuta. Alishtuka, akasema, shikamoo mwalimu, nilikuwa napita tu, na mwalimu akamjibu, marahaba mwanangu, unapita tangu saa tisa?

Akamshika mkono, akamwingiza kwa mlango huu, akamsimamisha kwenye besi pamoja na wale wazee. Ndugu yetu Calist, ambaye ndiye mwenyekiti wa kwaya mpaka leo, alisimama akasema mwanamke kuimba besi ni sawa na jogoo kutaga, na mwalimu akamwambia, Calist, nota haivai suruali, na yai la jogoo likikaangwa wewe utakuwa wa kwanza kunawa mikono. Walicheka wengine, lakini wengine walitoka na kukaa nje ya kwaya mwaka mzima, sitawataja, wamevaa majoho. Nisimwonee Calist, naye anaupenda muziki ule, anaupenda kama mtu anayependa sahani za marehemu mama yake, ziko kabatini, hazivunjiki, wala hakuna anayekula humo.

Baada ya Luciana mlango haukufungika tena. Akaja fundi cherehani wa Kiislamu kutoka Sepuka, mwenye sauti ya juu inayopanda bila kutoka jasho, wakaja vijana wa kile kinanda cha umeme waliokuwa wakifukuzwa kila wanapokiwasha, na mwalimu, ambaye zamani angewapeleka gulioni wote, aliwafundisha nota zilezile, kwa ukali uleule, bega lilikuwa bado haliruhusiwi.

Mwaka 2014 ndipo alipofanya kile kinachotukalisha hapa tukinuniana. Aliuchukua wimbo ule wa kale wa maziko, alioupenda kuliko zote, akaziacha sauti zake nne kama zilivyo, hakuhamisha hata nota moja, na chini yake akaandika sauti ya tano, kwa Kinyiramba, akampa Luciana. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa benchi la tatu, sauti ile ilipoingia nikajua ninachosikia, lilikuwa jiwe la kusagia la mama yetu, wimbo wake uleule uliogeuza mbuzi, sasa uko chini ya watu wa Ulaya umewabeba mgongoni, na wao wametulia. Wazee wa kwaya wakamwendea nyumbani, wakamwambia mwalimu umeuharibu, umetufundisha miaka thelathini kutoongeza kitu, leo umeongeza mwenyewe. Nilikuwa nachambua mboga pale pale, nikamsikia akiwajibu kwamba wimbo ule ulikuja hapa ukiwa mgeni, haujui maji yako wapi, babu zetu wakaupa kigoda na uji, sasa umekuwa mwenyeji mnataka ufukuze wageni, hiyo tabia haukuitoa kwao, mmeufundisha ninyi.

Tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2025 marehemu alipata kiharusi, akapelekwa hospitali Kiomboi, akarudishwa nyumbani baada ya wiki tatu, mkono wa kulia umekufa na maneno yamekwisha, na mimi nikahamia kwake kumwuguza. Jumapili ya tarehe 5 Oktoba kwaya ilikuja kumwimbia, wakajaa chumbani wote isipokuwa Luciana, aliyeambiwa asubiri uani kwa sababu nafasi ni ndogo, kumbe nafasi ilikuwepo, hata kuku wawili walikuwemo. Wakaimba wimbo ule kwa sauti nne. Katikati yake mgonjwa akainua mkono wa kushoto, akaunyoosha mlangoni, na wakati huohuo Luciana alikuwa amechungulia, na Calist akasema, mmeona, anamfukuza, mwalimu amerudi kwenye njia, wakamaliza ubeti, wakaomba, wakaondoka na habari hiyo, na ndiyo imezunguka kijiji kizima mpaka leo.

Mkono haukushuka. Mimi nilidhani upepo unamsumbua, nikafunga mlango, akanikasirikia kwa macho, nikaufungua, akanyoosha tena, nikamwonyesha maji, akafumba macho kama mwalimu anayechoshwa na mtoto mzito wa kuelewa, ndipo nikatoka uani nikamwambia Luciana, wee, ingia, nadhani ni wewe. Aliingia, akapiga magoti, akaanza ile sauti ya tano peke yake, na mkono ukashuka kwenye blanketi ukaanza kuongoza, taratibu, bila kukosea, na Luciana alipopumzika mwisho wa ubeti, mkono ukainuka ukaelekea mlangoni tena. Akaendelea, ukashuka. Hivyo mara tatu. Mtu anayefukuza haongozi, na aliyekuwa akiitwa mara ya pili, akina Calist, ni ninyi, mlikuwa mmeshafika njia panda. Nilimwita mwalimu wenu huyo mjinga kwa kutoniambia mapema, halafu nikakumbuka hawezi kusema.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 17 Oktoba, alfajiri, nyumbani kwake, bila fujo.

Jana jioni kamati ya kwaya ilikuja msibani ikatuarifu kwamba leo wimbo ule utaimbwa kwa sauti nne, kwa heshima ya marehemu, na kwamba Luciana ataimba akitaka, kwenye maziko mengine. Familia imesikia. Wanawe watatu wamenituma niseme kwamba msiba ni wetu, maiti ni wetu, na wimbo ni wake, lakini hatutamkamata mtu shingo aimbe, kwa sababu wimbo wa kulazimishwa marehemu angeutambua hata leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi, majirani mliochota maji na kulala nje kwenye baridi na upepo huu, walimu wenzake mliotoka Sepuka na Mwankoko, mchungaji, mafundi wa jeneza, wapishi, na ninyi wanakwaya wote, wa zamani na wa baadaye, kwa maana aliwapenda bila kuwatenganisha, kutenganisha mmetenganisha wenyewe.

Pumzika, Abraham, kwa amani wakiimba vizuri, na wasipoimba pumzika vilevile, umesikiliza vya kutosha.

Karatasi yangu imeisha. Luciana amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, ameinamisha kichwa kama mwizi, mimi sasa natembea kuelekea huko, na nikishampita yeye anainuka anakuja mbele, anasimama palepale alipowekwa mwaka 2009, Calist atampisha au hatampisha, hiyo ni kazi ya Calist. Mimi nakwenda kusimama kwenye jiwe. Nikisikia sauti nne nitakwenda makaburini peke yangu, njia naijua, na nikisikia tano nitarudi kuwafungulia tumbebe pamoja. Msinitazame mimi, tazameni nota. Mlango naufunga.