Verediana Gwimo, Aliyezipa Plau Zetu Mabawa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Verediana Gwimo anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Zana za Kilimo ya Bangwe kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mchoraji wa michoro ya ufundi. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha ubunifu, kitengo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na mtu mmoja, naye ni yeye.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu meza yangu imekuwa jirani na yake kwa muda mrefu. Kwa ujirani huo najua kwamba sifa humkera. Basi nitasimulia yaliyotokea, na msomaji atamsifu mwenyewe akitaka.

Bi. Verediana, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Diana kwa jina la bintiye, alizaliwa katika kijiji cha milimani huko Kasulu. Wazazi wake walilima maharage na mihogo kwenye mteremko, kwa jembe la mkono. Alisoma ufundi wa mitambo chuoni, kisha akaja Kigoma na mumewe, Mwalimu Samson, aliyekuwa amehamishiwa shule moja ya Ujiji. Kwenye usaili aliulizwa kama amewahi kushika plau. Alijibu kwamba hajawahi, ila ameshika jembe la mkono kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, na mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa plau ni ya nini. Alipewa kazi.

Wakati huo karakana yetu ilitengeneza plau ya aina moja tu ya kukokotwa na maksai. Ilikuwa imeigwa kutoka kwenye plau za nchi tambarare, na wakulima wetu hawaishi kwenye nchi tambarare. Udongo wa kando ya ziwa ni mchanga, wa bonde la Luiche ni mfinyanzi mzito unaonata kama ugali wa muhogo, na wa milimani ni mwekundu na una mteremko. Plau ileile iliyoparua juujuu Luiche ilizama hadi shingoni kwenye mchanga. Wakulima walijitafutia dawa: wengine waliipiga nyundo mpaka ikapinda, na wengine waliifungia jiwe.

Mama Diana alitumia misimu yake ya kwanza kutembelea mashamba hayo. Alikwenda kwa baiskeli, kwa miguu, na mara nyingine kwa mitumbwi ya injini hadi vijiji vya kusini mwa ziwa, akiwa amebeba vyuma ndani ya kitenge. Nahodha mmoja alikataa katakata kumpakia mpaka amweleze mzigo ule ni wa nini. Alipofungua kitenge na kuonyesha ulimi wa plau, yaani lile bapa la chuma linalokata udongo, nahodha alisema amezoea kuona akina mama wakibeba watoto namna hiyo. Mama Diana alimjibu kwamba huyu halii, ampe nafasi.

Kutokana na safari hizo alibuni kile tunachokiita mabawa. Ni vipande viwili vya chuma vinavyofungwa nyuma ya ulimi wa plau, kila kimoja kikiwa na mstari wa matundu. Mkulima anachomoa pini, anasogeza bawa, anarudisha pini kwenye tundu jingine. Mabawa yakifumbwa, plau inalima kawaida. Yakifunuliwa, inainua matuta ya viazi na mihogo. Castory, fundi wetu wa kuchomelea, ndiye aliyeyaunda ya kwanza. Mwaka 2003 tulianza kuyauza, na msimu uliofuata kwa wingi wa kazi mafundi walikuwa wakila chakula cha mchana wamesimama.

Kisha ilikuja ajali ya Luiche.

Mkulima aliyeitwa Eliakimu alikuwa mmoja wa wateja wetu wa mwanzo. Alikuwa akilima shamba la mpunga, maksai wakivuta kwa nguvu, pini ya bawa ilipokatika. Bawa lilizunguka, plau ikaruka kama mnyama aliyechomwa, na chuma kikampiga kwenye muundi. Mfupa ulivunjika. Alitibiwa na akapona, lakini mguu uliunga vibaya, na tangu siku hiyo hakuweza tena kutembea nyuma ya plau.

Meneja wetu wa wakati huo alikuwa Bwana Anatoli. Alikwenda shambani, akakuta kisiki kilichozikwa na udongo, na akaona jibu limepatikana. Kwenye kikao alieleza kwamba plau imegonga kisiki, na kwamba hakuna chombo cha duniani kinachoweza kuhimili uzembe wa kutong'oa visiki. Wengi wetu tulitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa rahisi kukubali.

Mama Diana alikuwa ameichukua ile pini na lile bawa. Aliviweka mezani na kuonyesha mahali chuma kilipoanza kupasuka: pembeni mwa tundu, ambapo palikuwa pembamba mno. Ufa ulikuwa wa zamani, una kutu ndani. Ulianza kabla ya kisiki.

“Kisiki hakikuchora hili tundu,” alisema. “Nimelichora mimi.”

Bwana Anatoli alimwomba afikirie maneno yake. Kama karakana ingetangaza kosa, nani angenunua tena? Alipendekeza mabawa yaliyokuwa bado stoo yarekebishwe kimyakimya, na yaliyokwisha kuuzwa yaachwe kwa sababu mengi hayakuwa na shida. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wa kuwalipa mshahara.

“Mengi hayana shida leo,” Mama Diana alijibu. “Meneja, mimi najua yamevunjikia wapi. Nikinyamaza, la pili litakapovunjika litakuwa si ajali tena.”

Kikao kiliisha bila uamuzi. Kesho yake alichukua baiskeli, akaanza kuyakusanya mwenyewe mabawa yaliyokwisha kuuzwa. Siku ya tatu Castory alimfuata na mkokoteni. Baada ya wiki moja Bwana Anatoli alitoa gari la karakana, na jambo hilo ni vyema likumbukwe kwa upande wake pia.

Tusidhani wakulima walishukuru. Ulikuwa msimu wa kupanda, na mtu anayekuja kukunyang'anya zana wakati wa kupanda hapokelewi kwa kahawa. Bi. Ziada, mkazi wa Kasingirima aliyekuwa na shamba Luiche, alisimama mbele ya plau yake na kukunja mikono.

“Hili langu halijavunjika. Unalichukulia nini?”

“Kwa sababu litavunjika, dada.”

“Na matuta yangu nani atainua? Wewe?”

Mama Diana alivua viatu. Akaomba jembe la mkono, akainua matuta pamoja na Bi. Ziada na wanawe mpaka shamba likaisha. Habari hiyo ilitembea upesi kuliko baiskeli yake. Kwenye nyumba zilizofuata alikuta mabawa yamekwisha kufunguliwa, ingawa kwingine alikuta pia jembe la mkono limewekwa mlangoni likimsubiri. Alilima mengi msimu ule. Mikono yake ilivimba hata hakuweza kushika penseli.

Kwa Eliakimu alikwenda mwisho. Alimkuta amekaa barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alimwamkia, akamweleza kuwa kosa lilikuwa kwenye mchoro, na mchoro ulikuwa wake. Eliakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aende. Hakutukana. Alisema tu, “Nimesikia. Sasa nenda.”

Mkewe, Yunisi, alimsindikiza hadi njiani. Mama Diana alimuuliza nani atalima mwaka huu. Yunisi alishangaa swali lenyewe. “Nitalima mimi. Shamba halingoji mguu upone.”

Na kweli alilima. Mama Diana alirudi kumtazama kutoka barabarani, bila kuingia shambani. Yunisi ni mfupi, na mishikio ya plau ilikuwa imetengenezwa kwa kimo cha wanaume warefu. Ili aifikie alilazimika kuivuta chini, na kila alipoivuta, ncha ya ulimi iliinuka ikaparua udongo bila kuukata. Alikuwa akirudia mstari mmoja mara mbili. Jioni bega lake la kulia halikuinuka hata kujitwisha ndoo.

Mama Diana ameniambia kwamba ilimchukua muda kuelewa alichokuwa akikiona. Alikuwa amebuni kifaa cha kubadilika kufuata udongo, na hakuwa amefikiria kwamba mtu naye hubadilika. Plau ya leo inaweza kuwa kesho mikononi mwa mjane, au mzee, au mke wa mtu aliyevunjika mguu.

Alirudi mezani na kuanza upya. Mabawa mapya yalikuwa mazito zaidi, na matundu yake yalikaa mbali na ukingo. Mishikio ilipata sehemu ya kupandisha na kushusha. Ulimi wenyewe ulipata kipande cha kuuinamisha zaidi au kidogo, ili mtu mfupi asipigane nao. Lakini jambo lililotuletea mabishano makubwa lilikuwa bolti laini. Mahali palipokuwa na pini ngumu, aliweka bolti ya chuma dhaifu kwa makusudi, ili mzigo ukizidi ikatike yenyewe kabla ya kitu kingine chochote, na plau ilale ubavu badala ya kuruka.

Castory alikasirika. Amekaa maisha yake yote akitafuta chuma kisichokatika, na sasa anaambiwa atafute kinachokatika.

“Watatucheka,” alisema. “Tutauza kitu kinachovunjika kila wiki.”

“Wacheke,” alijibu Mama Diana. “Bolti iko dukani. Mguu hauko.”

Mama Diana aliomba kuijaribu plau hiyo mpya kwenye shamba la Eliakimu, kwa sababu pale ndipo palipotokea ubaya. Eliakimu alikataa. Mwaka ukapita, na Mama Diana hakusisitiza. Msimu uliofuata, Eliakimu mwenyewe alitokea getini kwetu Bangwe, ameegemea fimbo, akauliza yuko wapi yule mama wa mabawa. Bega la mkewe lilikuwa limemshinda.

“Likivunjika, linaangukia wapi?” aliuliza, kabla hata ya kuketi.

“Upande wa mtaro. Mbali na miguu.”

“Nionyeshe. Usinieleze, nionyeshe.”

Nilikuwapo siku hiyo Luiche, pamoja na Castory na Bwana Anatoli. Castory alizika gogo kwenye njia ya plau. Yunisi aliwaongoza maksai. Mishikio aliishika Mama Diana mwenyewe; Castory alijaribu kumzuia, akaambiwa akae kando. Maksai walianza kutembea. Plau iligonga gogo, tukasikia mlio mkavu wa bolti, na plau ikalala ubavu polepole kama ng'ombe aliyechoka. Mama Diana alibaki amesimama, miguu yake mahali pake.

Eliakimu alitazama plau, akatazama miguu ya Mama Diana.

“Rudia,” alisema.

Waliweka bolti nyingine. Alirudia. Ikakatika vilevile, ikalala vilevile. Eliakimu alichechemea hadi katikati ya shamba, akainama kwa shida, akaishusha mishikio mpaka kimo cha mkewe na kuikaza.

“Haya, mama Christina,” akamwambia Yunisi, kwa jina la mtoto wao. “Shika jembe lako.”

Alilima mpaka mwisho wa shamba bila kurudia mstari. Aliporudi alikuwa anacheka. Eliakimu alimpa Mama Diana mkono, wakashikana hivyo kitambo. Nami sina la kuongeza hapo.

Tangu hapo kazi iliendelea kama kazi nyingine zinavyoendelea. Mama Diana alibuni kiambatisho cha kupalilia kati ya mistari ya mahindi, na kingine cha kupandia maharage. Alibuni pia kimoja cha kuchimbua karanga ambacho kilishindwa vibaya, na ambacho bado tunakitumia kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Karakana za mikoa mingine ziliiga mabawa yake. Hakulalamika, isipokuwa aliposikia mahali fulani wameondoa bolti laini na kuweka ngumu. Alipanda treni kwenda kuzungumza nao. Alirudi baada ya siku chache akasema wameelewa, na hakuna aliyethubutu kuuliza walieleweshwaje.

Wakulima walinung'unika kuhusu bolti hizo kwa misimu kadhaa, kama Castory alivyotabiri. Siku hizi wanazinunua nyingi kwa pamoja na kuzitia mfukoni wanapokwenda shambani. Tangu mabawa mapya yaanze kutumika, hatujapokea habari ya mtu mwingine aliyeumizwa na plau yetu. Kama kuna kipimo kingine cha kazi ya mbunifu, mimi sikijui.

Kitengo cha ubunifu sasa kitaongozwa na Bi. Happiness, aliyefanya naye kazi kwa miaka ya karibuni. Wakati wa makabidhiano Mama Diana alimwachia kazi moja isiyokwisha, plau nyepesi ya kukokotwa na punda kwa ajili ya wakulima wa milimani. Mchoro umefika nusu. Bi. Happiness alimwomba amwelekeze imalizikeje. Alimjibu, “Mwanangu, kaanzie shambani. Ukikuta nimekosea, futa.”

Mama Diana, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa Bangwe, tunasema asante. Umeomba usipewe zawadi ya chuma chochote, nasi tumetii: utakuta godoro zuri na kiti cha kuegemea nyumbani kwako Ujiji. Mungu akujalie afya, akulindie Mwalimu Samson, Diana na wajukuu, na akupe msimu mrefu wa kulala mvua inaponyesha, wakati sisi tunakwenda mashambani. Nenda ukapumzike, mama yetu.