Benchi la Tatu la Bibi Yustina

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, ndugu waombolezaji, mimi ni Abraham, mjukuu wa marehemu, niliishia darasa la sita, lakini familia ilipotafuta mtu wa kusoma bila kutetemeka ikaniona mimi, wasomi wetu akina mjomba Clement wameinamia simu, basi tulieni.

Bibi yetu Yustina Mughwai alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, kijiji cha jirani na Nduguti, akasoma hadi darasa la nne, yaani nilimpita madarasa mawili na nilimkumbusha kila siku, naye alikuwa akinijibu, "Hayo mawili umeyaweka wapi, mbona hayaonekani?"

Mwaka 1972 aliolewa kimila na babu Alute, mrina asali wa hapa Itigi, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Damari na mjomba Clement, na kazi yake ilikuwa kuwauzia abiria wa treni asali ya babu, pale stesheni, hadi alipoanza kuugua.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Babu alibatizwa utotoni akaliacha kanisa, na kila bibi alipomwomba waende kufunga ndoa alisema, "Nilishapeleka ng'ombe kwa baba yako, padri naye anataka wangapi?" Kwa hiyo bibi hakuruhusiwa kupokea Komunyo, kila Jumapili akakaa benchi la tatu, wenzake wakiinuka kwenda kupokea yeye anakunja miguu wapite, nami nikamtania, "Bibi, unakwenda karamuni na chakula hupewi?", akanijibu, "Mwenye karamu ananiona nimekaa. Anajua nina njaa."

Novemba 2024 aliugua uvimbe wa tumbo, akalazwa, na Februari akaruhusiwa kurudi nyumbani, nadhani mnaelewa. Babu alipoona dawa zimegoma, mwenyewe akanituma kwa Baba Paroko, ndoa ikafungwa kando ya kitanda Jumapili tarehe 9 Machi 2025, babu amevaa koti langu, na lilimpendeza kuliko mimi, sitarudia kusema hilo. Bibi aliungama, akapokea kipande kidogo kama ukucha, na maji kijiko kimoja, akacheka, jamani, akacheka kama msichana. Mimi Komunyo nimeshapokea, haina ladha yoyote, na huyu ni mtu aliyelamba asali ya vichaka vya Itigi maisha yake yote.

Jumanne tarehe 11, asubuhi, akafariki. Babu akamfuata Baba Paroko uani akamwambia, "Mimi nilikubali ili apone." Baba akasema, "Mzee, kile kilikuwa chakula cha safari." Babu akauliza, "Safari gani hiyo, na mimi nimebaki hapa?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, jumuiya, na akina mama wa stesheni mliomsaidia kuuza asali yake alipolala kitandani.

Babu ameniagiza neno moja, kwamba leo wakati wa Komunyo msimvute wala msimwonee huruma, atakaa benchi la tatu, palepale, mkipita atakunja miguu. Nikamuuliza, "Babu, kwani sasa umeelewa?" Akasema, "Sijaelewa. Nina njaa tu."

Bibi, wewe umeshakula. Lala kwa amani.