Imekatika Tena!

Benchi letu liko nje ya karakana ya mume wangu, na lina miguu mitatu na nusu. Mguu wa nne ulivunjika ncha kabla sijajifungua, na sasa mtoto anatambaa. Mimi huuza kahawa hapo, nikiwa kwenye kigoda changu. Wateja wa kila siku ni watatu. Kilo Mia muuza mkaa ni mjomba wa mume wangu, na jina lake halihitaji maelezo. Antena ni fundi redio, mrefu, huinama kwenye kila mlango. Hakimu ni kinyozi wa duka la pili, na hukumu yake hutoka kabla ya mashtaka. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa moja tu, mashine ya mume wangu ya kuchonga mbao. Inaongozwa na kompyuta, na kompyuta tumeiweka chumbani kwa sababu ya vumbi la mbao. Waya umetokea dirishani, ukalala chini kando ya ukuta, kwa nje, hadi karakana. Mawasiliano yakikatika, mashine inasahau ilipofikia na ubao unaharibika. Tayari mbao mbili za mama mmoja, mkunga mstaafu, zimeharibika hivyo. Zilitoka kwenye mti alioupanda baba yake, na anataka jina la marehemu lichongwe. Umebaki ubao mmoja, na mwenyewe anakuja saa nne.

— Imekatika tena! — mume wangu alipiga kelele kutoka ndani. Alikuwa akijaribia kwenye vipande vya mbao mbovu.

— Hiyo ya ngapi? — aliuliza Hakimu.

— Ya nne, — nilisema, lakini kwa sauti ndogo.

— Ya pili, — alisema Antena. — Na chanzo nakijua. Mawimbi! Mashine yako ya kunyolea, Hakimu, inatoa mawimbi, yanaingia kwenye waya, ile ya fundi inachanganyikiwa.

— Mashine yangu? Ina miaka sita, haijawahi kugombana na mtu.

— Izime tuone.

— Nina mteja kwenye kiti! Nimemnyoa upande mmoja, nikatoka kunywa kikombe kimoja tu.

— Upande mmoja unatosha kwa sasa. Haraka haraka haina baraka.

Hakimu akaenda kuzima. Mteja akatoa kichwa mlangoni, nusu nywele, nusu kinang'aa.

— Jamani, mimi nina usaili wa kazi saa tano!

— Tulia, ndugu yangu, — alimjibu Hakimu. — Mvumilivu hula mbivu.

Kilo Mia alicheka hadi benchi likainuka upande mmoja, kisha likarudi chini. Ko!

— Imekatika tena!

— Mmesikia? — Hakimu alirudi amepanua kifua. — Yangu imezimwa. Sina hatia. Sasa sikilizeni. Ile mashine imetoka mbali, na huko kwao saa hizi ni usiku. Ikifika saa yao ya kulala, inasinzia.

— Mashine inasinzia?

— Wewe Antena ukihamia mbali hutasinzia mchana?

— Nyote mmepotea, — alisema Kilo Mia, akasimama. Jambo zito hawezi kulisema amekaa. — Kompyuta iko wapi?

— Chumbani.

— Mashine iko wapi?

— Karakana.

— Basi! Mume chumba hiki, mke chumba kile. Mawasiliano yatatoka wapi? Wahamisheni wakae pamoja, muone kama watanyamaziana.

Antena alipaliwa na kahawa. Mimi nikajifanya namfuta mtoto kamasi. Ndani, mashine ilikuwa ikinguruma vizuri, bila kusita. Kilo Mia akaketi kwa fahari. Ko!

— Imekatika tena!

Hapo nilianza kuona jambo. Lakini utamwambiaje mkwe wako kwamba kasoro iko pale anapokalia?

— Baba, — nilijikaza, — hungependa kusimama kidogo?

— Nisimame kwa nini, mwanangu, na benchi lipo? Niongeze kahawa.

Nikamwongeza.

Mume wangu akatoka, kope zake nyeupe kwa vumbi.

— Jamani, nitamwambia nini yule mama? Ubao ni mmoja.

— Mwambie mti umekataa, — alisema Antena. — Huyo marehemu alikuwa anajua kusoma?

— Nitajuaje mimi?

— Basi. Kama hakusoma, herufi hazitaki.

— Usihofu, fundi, — alisema Hakimu. — Penye wengi hapaharibiki neno.

— Ndiyo maana zimeharibika mbili tu, — alijibu mume wangu, akarudi ndani kuwasha.

Na mama mwenyewe akatokea, na mwavuli wake mkononi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Jina la baba yangu limeshatoka?

Kilo Mia alijisogeza ampishe nafasi. Ko!

— Imekatika tena!

Mama hakuketi. Alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyezoea kutafuta tatizo kabla ya kuulizana habari. Akaelekeza ncha ya mwavuli.

— Huu waya unaobanwa na mguu wa benchi, ni wa nini?

Mume wangu akapiga magoti, akauvuta. Ulikuwa umebonyea kama umetafunwa.

Antena akakimbia dukani kwake, akaleta waya mwingine. Tukaupitisha juu, kwenye misumari. Mume wangu akajaribu mara tatu na haikukatika, ndipo akaufunga ule ubao wa mwisho. Kilo Mia hakutaka tena kukaa. Wote watatu walisimama na vikombe, wakinong'ona kama waliosindikiza mgonjwa. Hakimu alikataa kuwasha mashine ya kunyolea, eti tusichokoze. Mteja wake akaazima kofia ya Antena, akaenda kwenye usaili.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alinong'ona Kilo Mia. Mara hii methali ilikaa mahali pake, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Herufi ya mwisho ilitoka. Mama akapuliza vumbi, akapitisha kidole juu ya jina la baba yake, polepole, kisha akarudia tangu mwanzo. Akaukumbatia ubao. Alipotoka nje, akalitikisa lile benchi kwa mkono mmoja. Ko, ko.

— Na hili, — aliuliza kwa upole, — fundi wake nani?

Mume wangu akatazama viatu vyake. Antena akatazama angani. Hakimu, kwa mara ya kwanza, hakuwa na hukumu. Nami nikainua birika ili nimmiminie mama kahawa asahau swali, lakini lilikuwa tupu.