Jina Nisiloruhusiwa Kulitaja

Bwana asifiwe, kanisa! Jibuni amina kwa nguvu, maana huyu mnayemwona amesimama hapa alikuwa ameshavishwa tairi shingoni. Amina!

Kwa wageni, mimi ni Mama Nekesa. Naishi Jericho, hapa hapa Nairobi, na nauza akala, viatu vya tairi, pale soko la Kariokor. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna likizo. Mteja akija na bei yake ya mzaha, namjibu mpaka anacheka na kununua. Lakini siku ile, ndugu zangu, mdomo huu ulifunga, na nusura uniue.

Binti yangu Nekesa ameolewa Lucky Summer na kijana wa kwetu Bungoma, mtu mpole anayefanya kibarua kwenye kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo. Mlio wa upande wetu mnajua tunavyoishi na wakwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawasalimiani kwa mkono, wala hawali meza moja. Nikimwona anakuja barabarani, mimi navuka upande wa pili, naye anainamisha kichwa mpaka nipite. Nyumbani kwake nilikuwa sijakanyaga, kwa sababu sherehe ya kuniingiza ilikuwa bado haijafanywa. Na jina lake silitaji. Nikitaka kumsema nasema "baba Nanjala", kwa jina la mtoto wao. Si chuki, jamani, ni heshima. Ndivyo nilivyolelewa.

Basi asubuhi moja nikiwa napanga akala kibandani, Nekesa akanipigia simu. Uchungu wa kuzaa umemshika kabla ya wakati, mumewe yuko kazini, na Nanjala hana wa kubaki naye. Niliacha biashara kwa jirani nikakimbia. Nilimkuta langoni mwa ploti yao, jengo la wapangaji, ameegemea bega la rafiki yake, gari linawasubiri. Akanikabidhi mtoto, wakaingia, wakaenda. Watu wote walionijua mtaa ule waliondoka na gari hilo.

Nanjala ana miaka mitatu. Alipoona mama yake anaenda, alipiga nduru! Akajirusha huku na huku, akaniuma mkono, akalia, "Nataka mama! Nataka mama!" Nikambeba hivyo hivyo kuelekea stejini, tupande matatu nimpeleke kwangu. Sikujua kwamba siku hizo mtaani kulikuwa na uvumi wa watu wanaoiba watoto, na kila mzazi alikuwa macho.

Mwanamke mmoja muuza mboga akasimama mbele yangu. "Mathe, huyo mtoi ni wako?"

Nikamwambia ni wa binti yangu.

"Wanakaa nyumba gani?"

Nikageuka nikaitazama ile ploti. Orofa juu ya orofa, na milango yote rangi moja. Nikasema ukweli: sijawahi kuingia. Watu wakaanza kusogea. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki zao.

"Shosho gani huyo hajui nyumba ya mjukuu wake? Haya, baba yake anaitwa nani?"

"Baba Nanjala."

"Jina lake, mathe! Kwani hana jina?"

Ndugu zangu, jina nililijua. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini kulitaja hadharani, mimi mama mkwe, niliona ni kama kuvua nguo sokoni. Nikasita kidogo tu, na kule kusita ndiko kulikonihukumu. Mtu akapaza sauti, "Hajui! Ni mwizi wa watoto!"

Hapo hakukuwa tena na kuulizana. Muuza mboga akaninyang'anya mtoto. Nilikuwa nampigia Nekesa simu, haishikwi, na kofi likaja, simu ikaruka sijui wapi. Jiwe la kwanza likanipata begani. Nikaanguka. Mzee mmoja akasema nipelekwe polisi, sauti yake ikapotelea katika kelele. Niliwaona watu waliovaa sare za kazi, kina mama kama mimi, hata mtu mwenye Biblia kwapani. Wote walikuwa wakitazama.

Kisha nikasikia, "Leteni tairi!"

Tairi! Kitu kilichosomesha watoto wangu. Nimekikata, nimekishona, nimelala nikinuka harufu yake miaka mingi. Leo wananivisha. Kijana mmoja akaanza kukinga petroli ya pikipiki kwenye chupa. Niliogopa, ndugu zangu. Nisiwadanganye kwamba nilikuwa shujaa wa imani. Nilijikojolea.

Mnaonijua kwenye kesha mnajua naomba kwa sauti, nikizunguka kanisa zima. Siku ile nilipata maneno machache tu: "Yesu, mtoto asione." Basi. Sikuomba hata niokolewe.

Ndipo ndani yangu kukatulia. Sijui niwaelezeje, kelele ilikuwepo lakini ilikuwa mbali. Nikasikia moyoni, "Mwite." Nikasema, Bwana, si nakuita tayari? Ikaja tena: mwite mkwe wako. Na mimi, na tairi langu shingoni, nikaanza kubishana na Mungu! Nikamwambia yuko kazini, hatasikia, na tena ni aibu. Mnacheka, lakini ndivyo tulivyo. Mtu anakaribia kufa na bado anaogopa watasemaje nyumbani.

Petroli ikanimwagikia mgongoni, baridi kama maji. Nikafungua kinywa: "Wafula! Wafula mwanangu, nakufa!"

Kumbe alikuwa ameruhusiwa kazini. Alipaswa kwenda hospitali moja kwa moja, lakini alipitia nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Alituambia baadaye kwamba aliona ule umati na akageukia kichochoro kingine, kwa sababu hawezi kutazama mambo kama hayo. Alikuwa ameshatupa mgongo aliposikia jina lake, kwa sauti ambayo haijawahi kumwita hata siku moja.

Alipasua umati akaja. Mtu ambaye hajawahi kugusa hata kidole changu alijitupa juu yangu akanifunika mwili mzima, petroli na yote. Mawe yaliyokuwa yangu yakampata yeye. Akalia, "Ni mama yangu! Mkimchoma, tuchomeni wote!"

Na Nanjala, kutoka mikononi mwa muuza mboga, akaita, "Baba!"

Nikasikia mawe yakianguka chini, moja moja. Mwenye chupa akaondoka, kisha wengine, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu. Muuza mboga akapiga magoti akanivua lile tairi.

Nekesa alijifungua salama siku hiyo hiyo, mtoto wa kiume. Wazee wa nyumbani walisema mimi na mkwe wangu lazima tutakaswe kwa sababu tumegusana. Sikubishana nao. Mbuzi alichinjwa, na nyama nilikula vizuri sana. Bado nikimwona navuka barabara, maana heshima haijaisha. Lakini nikiwa upande ule wa pili, machozi hunitoka.

Ndugu zangu, Mungu wetu hakushusha moto wala malaika. Alimgeuza kijana mmoja kichochoroni. Kama leo umezingirwa, kama unaona wanaokuja ni wengi na wewe uko peke yako, mtegemee huyu Mungu. Akikuagiza jambo linalokuaibisha, usimbishie kama mimi. Fungua kinywa.

Na nimalizie kwa hili. Yule muuza mboga alinitafuta Kariokor kibanda kwa kibanda mpaka akanipata. Tulilia pamoja. Aliniambia tangu siku ile hajaweza kuomba, kwa sababu anaona Mungu hawezi kumsikiliza mtu kama yeye. Nikamwambia Jumapili aje tukae pamoja. Amekuja. Ameketi pale nyuma, karibu na mlango, mwenye leso ya kijani.

Dada yangu, njoo mbele tukuombee. Usiogope. Njoo, hapa hakuna mwenye jiwe.